Nguzo Zote za Kijani

Mzee Posta aliipaka milima yote rangi ya kijani, na wageni wakawa wanarudi wanalia.

Kabla hatujamcheka, afahamike kwanza. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mkewe na ofisi ya pensheni. Watu wengine wote walimwita Posta, kwa kuwa ujana na utu uzima wake aliumalizia juu ya baiskeli nyeusi ya posta, mfuko wa barua begani, akipanda na kushuka vijiji vya mlimani ambako gari lilikuwa halifiki, au likifika linarudi likivutwa. Alikuwa na jibu moja kwa kila swali la umbali: "Hapo tu." Kijiji cha juu kiko wapi? Hapo tu. Na kile cha nyuma ya msitu? Hapo tu, ukimaliza ile kona. Waliomwamini wakaenda walirudi viatu mkononi, na bado walimpenda, maana hakuwa mwongo. Kwake yeye kweli ilikuwa hapo tu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata nyumbani aliitika hivyo. Kazi yake aliifanyia kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, meza ya kukatia, na cherehani mbili za miguu, moja ya kushonea na moja ya kusingiziwa, yaani ile mbovu aliyoilaumu kila nguo ya mteja ilipochelewa. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na hilo hakulikana. Mumewe alimpenda mpaka akaona haya kulisema, kwa hiyo badala ya kulisema alimtania kuanzia chai ya asubuhi hadi taa inazimwa.

Posta alipostaafu, Fundi alifurahi. Alidhani sasa amepata mume wa mchana. Kumbe ndiyo kwanza alianza kumpoteza. Mwanamume alibeba kiti chake akakiweka dirishani mwa chumba cha kushonea, akawa anaitazama barabara. Asubuhi anatazama, mchana anatazama, chakula kinapoa. Alikonda. Fundi akazipunguza suruali zake kiuno, kisha akazipunguza tena. Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta nyuzi zake zote zimepangwa upya. Hazikupangwa kwa rangi, kama anavyopanga fundi yeyote mwenye akili timamu. Kila upande wa bonde ulipewa kisanduku chake, na nyuzi zimegawiwa humo kama barua. Posta alimweleza mpangilio ule kwa makini, kwamba nyekundu ni za vijiji vya juu na nyeusi ni za ng'ambo ya mto, na Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo, baba watoto. Kisha akaenda jikoni, akafungulia bomba la maji ili asisikike, akalia.

Kwa hiyo halmashauri ilipoanza mambo yake ya njia za baiskeli, Fundi aliona ni Mungu tu. Walikuwa wamezifufua njia za kale za mlimani: tuta la reli iliyokuwa ikishusha magogo, vijia vya wakata miti, mapito ya msituni. Wakazisawazisha, wakaweka vyuma kwenye kila mwanzo, vyuma vinavyopitisha mtu na baiskeli yake na kuzuia kila chenye injini. Watu wa mijini waliochoka kupigiwa honi wangekuja na mizigo yao imefungwa nyuma ya baiskeli, watembee siku nzima bila kuona gari, walale kwenye nyumba za wageni za vijijini, kesho waendelee. Alitakiwa mtu anayeijua kila kona, azipime njia na kuzipaka nguzo zake rangi: kijani kwa njia rahisi, njano kwa ya wastani, nyekundu kwa ngumu. Nani tena kama si Posta?

Alitoka kwenye kile kiti kama mtu aliyeitwa hospitalini kwamba sasa ni zamu yake. Akawa anarudi jioni na rangi kwenye kucha, anakula, anapiga mluzi, anaongea mdomo umejaa. Fundi akazilegeza zile suruali, na hakuna kazi ya sindano aliyowahi kuifanya kwa raha kama ile.

Sasa Mratibu wa njia alikuwa amesimama mlangoni kwao, dada wa umri wa binti yao, kofia ya baiskeli kwapani, na uso wake haukuwa wa habari njema.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu, karibu," Fundi alisema huku ameuma pini mdomoni. "Sogeza hayo mashati ukae."

Hakukaa. "Mzee, ni ile njia ya Shingo," alimwambia Posta. Shingo ndilo jina la njia inayopanda kutoka darajani mpaka mgongoni mwa mlima, kwa sababu ukiwa chini lazima uinue shingo ndipo uione inakokwenda.

"Imefanya nini?"

"Inalaza watu chini, mzee. Kuna familia imepanda juzi, mtoto yumo kwenye kigari cha kuvuta nyuma ya baiskeli. Wameona nguzo ya kijani, wakaamini. Wamefika juu wanasukuma, mke hasemi na mume. Na kuna baba mmoja mnene alijilaza kwenye nyasi, akakataa kuinuka mpaka aapiwe kwamba mbele hakuna mlima mwingine."

"Na hakuna."

"Upo, mzee. Huo nao umeupaka kijani."

Fundi alizibana pini kwa midomo ili kicheko kisizitoe.

"Watu wa siku hizi wana miguu ya siagi," alisema Posta. "Shingo? Hapo tu."

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu." Mratibu aliigeuzageuza ile kofia. "Lakini bonde zima nguzo ni za kijani. Hata ile njia ya mawe ambayo mbuzi wenyewe wanaikwepa. Jumamosi tunafungua msimu. Alhamisi nitapita mwenyewe nione. Nikikuta hivihivi, ofisi italeta mpimaji mwingine, na mimi nitakosa la kukutetea. Sitaki tufike huko."

Akaaga. Posta alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea barabarani, kisha, bila kuangalia nyuma, akarudi kinyumenyume akakaa kwenye kile kiti cha dirishani.

Fundi akatema pini kiganjani.

"Inuka hapo."

"Nimekaa tu, mama watoto."

"Hilo 'nimekaa tu' ndilo ninalolikataa. Inuka, nisikilize. Nipeleke mimi huko kwenye Shingo yako. Mimi si kijana, si mwanariadha, baiskeli naendesha mpaka sokoni na kurudi, tambarare tupu. Tupande wote kuanzia chini. Nikiimba, pabaki kijani. Nikinung'unika, pawe njano. Nikishuka, nyekundu. Mratibu atasema nini tena?"

Posta alikuwa anakitazama kidole gumba chake chenye rangi. "Magoti yako yatakusumbua," alisema mwisho.

"Magoti ni ya kwangu. Kesho asubuhi."

Jambo lile lilimshangaza Fundi kidogo. Tangu waoane Posta alikuwa akimbembeleza waende wote mlimani, na ni yeye Fundi aliyekuwa na gauni la harusi la mtu kila wiki. Leo amekubali mwenyewe, na bwana anatafuta mahali pa kutokea. Akajisemea kwamba labda mume wake anamhurumia magoti, na wazo hilo likamfurahisha mpaka akalala nalo.

Asubuhi Fundi akaazima baiskeli kwenye banda la baiskeli za wageni, yenye gia nyingi kuliko vifungo vya koti. Posta alikuja na ile yake nyeusi, aliyoinunua posta walipouza vyombo vikuukuu, na kopo la njano na kopo la nyekundu yakining'inia kwenye usukani. Wakavipita vile vyuma vya kuzuia magari, wakaingia kwenye tuta la reli ya zamani.

Fundi hakuwa ameliwaza hili. Maisha yake yote alikuwa ameendesha baiskeli huku sikio moja liko nyuma, linasikiliza lori. Hapa hakukuwa na lori. Alisikia changarawe chini ya tairi zake, akasikia ndege, akasikia mnyororo wa mumewe unaohitaji mafuta. Baada ya muda akagundua kwamba mabega yake, ambayo siku zote huwa yamepanda hadi masikioni, yameshuka yenyewe. Njia ilikuwa sawa, inapinda taratibu kufuata ubavu wa mlima, na ilikuwa pana. Posta akaja ubavuni kwake. Barabarani walikuwa wakienda mmoja mbele na mwingine nyuma, wakipigiana kelele. Hapa waliongea kama watu waliokaa mezani.

"Unaimba," Posta alisema.

"Siimbi, nahema kwa sauti nzuri."

"Kijani," akasema, na wote wakacheka.

Wakapita handaki fupi lenye ubaridi, maji yanadondoka kutoka juu, Posta akapiga kengele yake humo mfululizo bila sababu yoyote, mtu mzima mwenye mvi. Wakapumzika darajani wakanywa chai ya chupa. Posta akamwonyesha kwa kidole nyumba moja mbali kule juu, akamwambia aliyekuwa akiishi pale alikuwa akipokea barua kutoka kwa dada zake, anaisoma akiwa amesimama getini, kisha anamtaka Posta aisome tena kwa sauti, ili aone kama ni kweli. Fundi alimtazama anavyosimulia. Akamwona yule kijana aliyemjia dukani na suruali iliyochanwa na mnyororo, akataka ishonwe akiwa ameivaa kwa sababu barua zinamsubiri.

Mbele ya daraja ndipo Shingo ilipoanzia. Nguzo yake ilikuwa ya kijani, mbichi, inang'aa.

Fundi akaweka gia ndogo kabisa, akaanza kukanyaga. Miguu ilizunguka haraka na baiskeli ikaenda polepole, kama cherehani iliyowekewa mshono mdogo. Kabla ya kona ya kwanza alishaacha kuimba. Kwenye kona yenyewe alinung'unika waziwazi, akageuka ili anung'unike usoni mwa mhusika. Mhusika hakuwepo.

"Mnyororo umetoka!" sauti ikatoka chini.

Akamsubiri. Posta akatokea, wakapanda kidogo, akabaki tena. "Kuna kijiwe kwenye breki!" Akamsubiri tena. Kona iliyofuata, kimya, kisha kwa mbali: "Nenda tu! Nafunga kamba za viatu!"

Fundi aliweka mguu chini. Viatu vile ni yeye aliyempelekea mlangoni asubuhi. Vilikuwa viatu vya kuchomeka mguu ukaondoka. Havikuwa na kamba, na tangu vinunuliwe havijawahi kuwa nazo.

Akairudisha baiskeli nyuma polepole mpaka akaweza kuchungulia. Posta alikuwa amesimama katikati ya njia, ameulalia usukani, paji la uso limelalia mikono, na mgongo wake unapanda na kushuka kwa nguvu, unapanda na kushuka. Makopo ya rangi yalikuwa yanatikisika kwa kuhema kwake. Hofu ndiyo iliyomshika Fundi kwanza, kwamba anaanguka. Alipoona anainua kichwa, anajifuta jasho, anajikaza, ndipo hofu ikapisha kitu kingine kilichomuuma zaidi. Akarudi haraka mahali alipokuwa, asije akaonekana kwamba ameona.

Posta aliisukuma baiskeli mpaka karibu na kona, na pale akaipanda, ili atokeze akiwa juu ya tandiko.

"Basi, baba watoto," Fundi akasema upesi. "Mimi nimechoka. Nashuka. Hapa ni pekundu."

Ulikuwa uongo mtupu. Miguu yake ilikuwa bado na nguvu tele. Alimfungulia mlango mume wake atoke na heshima yake, hakutaka hata asante. Na Posta alifanya nini? Alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, uso ukarudi kwenye ubwana wake.

"Nilijua tu," alisema. "Wala si kosa lako. Mtu wa kukaa kwenye kiti na cherehani atapandaje mlima? Ila hatuwezi kuupaka wote nyekundu kwa sababu ya mtu wa cherehani. Tuseme njano. Njano hafifu."

Huruma ina mipaka yake.

"Mtu wa cherehani?" Fundi aliuliza taratibu, na anayemjua angejua kwamba utaratibu ule ni wa kuogopwa. "Hii miguu inakanyaga cherehani tangu sijaolewa. Nguo zote ulizovaa, na watoto wako walizovaa, na harusi zote za bonde hili, nani alikanyaga?"

Akarukia tandiko, akaondoka. Hakugeuka. Hasira ilimpandisha kona moja, kanyago la cherehani likampandisha zilizobaki, na kila alipotaka kushuka alijiambia neno "hafifu" akaendelea. Alifika mgongoni mwa mlima anatoa moshi kichwani, akapiga ukelele wa furaha peke yake, kisha akaangalia huku na huku kwa haya. Bonde zima lilikuwa chini yake. Tuta la reli lilionekana jembamba, linapinda na mlima, na hakuna gari hata moja popote.

Akakaa kwenye nyasi amngoje amcheke. Akangoja. Furaha ikaanza kupoa. Akangoja mpaka ikaisha kabisa, akawa anajuta kila neno, anasimama, anakaa, anasimama tena.

Posta alitokea kwa miguu. Safari hii hakupanda baiskeli kabla ya kona. Aliisukuma hadi alipo mkewe, akailaza, akajishusha chini kando yake akihema.

"Viatu hivyo havina kamba," Fundi alisema.

Posta akavitazama. "Niliona nikishamaliza kusema."

Wakacheka. Posta ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Sikuzipima nikipanda," alisema. "Makopo yalikuwa mazito. Vyuma vya huku juu vilikuwa havijafungwa bado, dereva wa pikapu akaniambia, mzee, ingia, nikupeleke juu kwa barabara ya nyuma. Akanishusha hapahapa tulipokaa. Nikawa napaka nikishuka."

"Njia zote?"

"Zote."

"Yaani milima yote hii umeipima kwa mteremko."

"Ilikuwa rahisi kweli, mama watoto." Akamgeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Upepo usoni, kazi ni breki tu. Nikajiona kijana. Nikasema, mbona nilidhani nimezeeka?"

Fundi alimshika mkono.

"Siku ya kwanza nilijaribu kupanda," Posta akaendelea. "Kabla ya huyo dereva. Sikufika hata kona ya kwanza. Nilikaa chini pale nikakiona kile kiti cha dirishani. Nikasema, nikimwambia Mratibu, narudi kule kule. Mtu asiyeweza kuipanda njia atamwelekeza nani?"

"Nilidhani utafia kwenye kile kiti," Fundi alisema. "Nilikuwa naogopa kutoka kwenda sokoni, nikirudi nikukute umekwisha."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Fundi akajipangusa uso kwa kilemba, akakusanya akili zake. Mpango wake ulikuwa wa kifundi, wa kugeuza nguo ndani nje bila mteja kujua. Wangeshuka, wangeanza upya kutoka chini, njia baada ya njia, hadi Jumatano jioni. Yeye angepanda, na Posta angetembea nyuma na makopo. Rangi zingebadilika, Mratibu angeridhika, na hakuna ambaye angeulizwa alipima vipi.

"Na Alhamisi akitaka kupanda na sisi?" Posta aliuliza.

"Hapo niachie mimi na magoti yangu. Nitashuka mapema, nitalia lia, utashuka kunihurumia. Nani atajua?"

Walifanya hivyo, na niseme ukweli, walizozana kwenye kila kona. Posta, kama ilivyo kwa mtu aliyetubu, alivuka mpaka: sasa kila alipohema alitaka nyekundu, hata kwenye kijiinuko ambacho mtoto angekipita ananyonya kidole. Fundi akampokonya burashi. Siku ya pili walikuta familia moja ya wageni imesimama mbele ya nguzo yenye rangi mbichi, wakaitazama ile nguzo, kisha wakamuuliza Posta. Alifungua mdomo, Fundi akaliona lile "hapo tu" likipanda kooni. Posta akalimeza. Akawaambia kupanda ni kurefu, lakini kati yake pana kisima na mahali pa kivuli, na juu kuna upepo. Walimshukuru, wakaenda.

Alhamisi Mratibu alifika darajani mapema. Alizizungukia nguzo za tuta la reli, akaitikia kwa kichwa. Akafika kwenye ile ya Shingo, nyekundu kama pilipili, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje nyumbani kwao.

"Sasa tupande, mzee. Nataka kwenda na wewe mwenyewe, unionyeshe kona kwa kona."

Fundi alimtupia jicho mumewe: niachie. Wakaanza. Mratibu mbele, Posta katikati, Fundi nyuma, akiandaa kilio chake cha magoti. Alishapanga kukitoa kabla tu ya kona ya kwanza, na alikuwa amevuta pumzi ya kukitolea, Posta alipofunga breki.

Alishuka. Alisimama katikati ya njia, baiskeli mkononi, makopo hayapo safari hii.

"Mwanangu," aliita. Mratibu akageuza kichwa, baiskeli ikayumba. "Hapa ndipo ninaposhuka mimi. Mimi Shingo siiwezi tena. Zile rangi za kijani nilizipaka nikiteremka, pikapu ilinipeleka juu. Na hizi mpya, miguu iliyopima ni ya mke wangu, mimi nilikuwa natembea nyuma yake. Kama utamleta mwingine, mlete. Nimeona nikuambie mimi, usije ukasikia kwa dereva."

Fundi hakuwa amewahi kumwona mume wake akisimama mbele ya mtu hivyo, bila utani wa kujifichia. Alimpenda wakati ule kuliko siku yoyote aliyoikumbuka, na alimwogopea vilevile.

Mratibu naye alishuka. Aliinama, mikono magotini, akahema kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea mtu yeyote.

"Nilikuwa naomba Mungu," alisema akipata pumzi, "ashuke mtu mwingine kwanza."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akainuka, akatazama juu kule njia inakokwenda, akatazama ile nguzo nyekundu chini.

"Ni nyekundu mpaka wapi?"

"Mpaka juu kabisa," Posta alisema. "Ila baada ya kisima kuna mahali pa tambarare, mtu anaweza kupanda tena kidogo akajidanganya."

"Na hilo la kisima tuliandike kwenye nguzo," Mratibu akasema. "Mzee, sileti mtu. Yule mpimaji wa ofisi ni mwanariadha, angenipakia kijani tena. Jumamosi nawataka wote wawili pale darajani, wewe na mama. Wageni wakiuliza, waambie kama ulivyoniambia mimi."

Akaanza kusukuma baiskeli yake kupanda. Posta akasimama palepale, anapepesa macho, anatafuta leso mfukoni. Fundi alikuwa bado juu ya tandiko, mguu mmoja chini, gia ndogo imeshawekwa, na miguu yake ilikuwa na hamu ya mlima.

"Panda basi," Posta alimwambia. "Usitusubiri sisi. Wewe unafika."

"Najua nafika," Fundi alisema, akashuka akatembea naye.